Vumbi la Gari la Mkaguzi

Wiki ya mwisho kabla sijakabidhi funguo za kabati, mkuu wa ofisi aliniomba niwaandikie ninyi mnaobaki mambo machache ya uzoefu. Alisema ukurasa mmoja unatosha. Nilimwambia ukurasa mmoja unatosha kwa niliyofanya vizuri, na kwamba makosa yanahitaji nafasi zaidi. Akakubali, mradi nisiweke vyeo wala mshahara, kwa kuwa hayo yako kwenye faili langu. Kwa hiyo hapa mtasoma habari za mapumziko ya saa nne na nusu katika shule za msingi. Niliyaandikia taarifa kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwa sehemu kubwa ya muda huo sikuwa nimeyaona.

Nilikuja Tarime kutoka Kondoa, mwalimu wa darasa niliyegeuzwa mkaguzi wa shule. Siku hizi mnaitwa wathibiti ubora, jina refu zaidi kwa kazi ileile, lakini huku vijijini hadi nastaafu waliniita Mama Mkaguzi. Sikujua Kikurya hata cha salamu. Siku ya kwanza ya kwenda shuleni nilivaa viatu vya kisigino. Nalitaja hili mapema ili mjue mnasoma maneno ya mtu wa namna gani. Dereva wetu, Otieno, mtu wa Shirati asiyependa kuongea kabla ya saa tatu asubuhi, aliviangalia viatu, akaangalia mawingu, akawasha gari. Jioni nilirudi ofisini pekupeku.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Magesa, Mkerewe mwembamba aliyevaa sweta hata siku za jua kali. Hakuwa mtu wa semina. Alikuwa na penseli nyekundu aliyoichonga kwa wembe, na maswali matatu aliyoyaandika pembeni mwa taarifa zetu mpaka tukayaota: Nani aliona? Alikuwa amesimama wapi? Walioonwa, walijua kwamba anakuja? Mwezi wangu wa pili niliandika kwamba shule fulani ina vyoo vya kutosha. Akauliza nani aliona. Nikajibu kwamba mwalimu mkuu ndiye aliyeniambia. Akasema nirudi. Nilirudi na Otieno, nusu siku ya mawe na matope, nikakuta matundu mawili, na moja kati ya hayo lilikuwa limejaa magunia ya mahindi. Nilipomletea habari hizo hakucheka. Alisema, "Sasa umeona," akaendelea kuchonga penseli.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache: saa ya mkononi, daftari lenye jalada gumu, na fomu ya kurasa sita. Katika fomu hiyo, kucheza kwa watoto kulipewa mstari mmoja ulioandikwa "Michezo: ipo, haipo." Nikiona goli, naweka alama ya vema kwenye ipo. Upande wa Nyamongo niliwahi kukuta goli limefungiwa ng'ombe watatu, na uwanja umepandwa mihogo hadi katikati. Niliweka vema kwenye ipo, kwa sababu fomu haikuuliza anayecheza ni nani.

Mwaka wangu wa tatu nilitumwa kwenye shule mbili za upande wa Kemambo. Moja iko mgongoni mwa kilima, nyingine iko bondeni, nyuma ya mashamba ya mahindi na migomba. Matokeo ya mtihani ya shule ya kilimani yalikuwa mazuri, ya bondeni yalikuwa ya kusikitisha, na wakubwa walitaka kujua kwa nini. Nilikwenda kila shule mara tatu, kwa gari la idara, nikihakikisha nafika saa ya mapumziko, kwa kuwa nilijiona mjanja: niliamini ukitaka kuijua shule uitazame wakati haifundishi. Kilimani nilikuta watoto wamekaa madarasani, kimya, vitabu vimefunguliwa, na mwalimu wa zamu akinisubiri mlangoni. Bondeni nilikuta kelele, rede ya kurushiana na kukwepa mpira, kamba, mpira wa makaratasi, na mwalimu mmoja akitafuna muwa. Ilikuwa hivyo mara zote tatu.

Sikuona haja ya kufikiri sana. Niliandika kwamba katika shule niliyoitembelea inayofanya vizuri, wanafunzi walikutwa darasani hata saa ya mapumziko, na kwamba inaelekea mapumziko marefu yanachangia kushusha taaluma. Karani akachapa, taarifa ikaenda, nami nikasifiwa kwa kuandika kitu chenye msimamo. Muda si mrefu Mzee Magesa alistaafu, akarudi Ukerewe na sweta lake, na huko akafariki. Mimi nikahamishiwa Mugumu, wilaya ya Serengeti.

Mugumu ndiko nilikojifunza kuzitilia shaka karatasi za watu wengine. Ni kazi nyepesi kuliko kuitilia shaka karatasi yako mwenyewe, kwa hiyo niliifanya kwa bidii. Walikuja wageni wa mradi mmoja wakiwa na madodoso. Walitaka kujua kama watoto wanapenda kucheza, wanacheza nini, na kwa muda gani. Tuliwapeleka shule moja iliyo jirani na hifadhi. Madodoso yalirudi yakiwa safi mno: darasa la tano zima lilikuwa limejibu kwamba linapenda kusoma, na kwamba likipata nafasi ya kucheza huitumia kufanya hesabu. Wageni walifurahi. Mimi nilichungulia darasani, nikakuta majibu bado yako ubaoni, kwa mwandiko mzuri wa mwalimu.

Nilimuuliza mwalimu yule, naye hakuficha. Alisema wageni wametoka mbali, tena watoto wengi nyumbani wanaongea Kiikoma, Kiswahili chao bado kinasuasua, kwa hiyo aliona si heshima wageni warudi na karatasi zenye majibu mabovu. Hakuwa tapeli. Alidhani ni mtihani, akawasaidia watoto wake wafaulu. Niliwaeleza wageni, nao wakaliandika jambo hilo kwenye madaftari yao kwa sura za watu walioambiwa gari limepata pancha.

Karatasi nyingine ilisema watoto wa ukanda ule hawachezi nje kwa sababu ya mila. Niliisoma mara mbili, nikauliza maswali ya Mzee. Aliyeandika alikuwa amekuja kwa siku mbili, katika mwezi ambao tembo walikuwa kwenye mashamba ya mtama, na walimu walikuwa wamewafungia watoto madarasani wasije wakakanyagwa. Nyingine iliyosifu bembea kwa kurasa nane ilikuwa na namba ya simu ya muuza bembea chini ya ukurasa wa nane. Tangu hapo nilianza kusoma karatasi kutoka mwisho.

Intaneti ilipofika, wenzangu wakaanza kuniletea makala za nje kuhusu mapumziko na michezo ya watoto. Nyingi ni nzuri kuliko zetu, nalisema bila kinyongo. Mwandishi anakueleza aliwatazama watoto gani, wapi, kwa muda gani, kisha anakiri asichokijua. Akishakiri, unaweza kuanza kumwamini. Lakini hata hizo zinahusu watoto wa huko kwao. Mtoto aliyepelekwa shuleni kwa basi baada ya kunywa maziwa hayuko sawa na wa Kewanja, huku Tarime, aliyepanda na kushuka vilima kwa saa nzima bila chai. Niliwaambia wenzangu wakitumia makala hizo waiseme tofauti hiyo kwenye mstari wa kwanza. Wengi waliiweka kwenye tanbihi.

Miaka minne kabla ya kustaafu nilirudishwa Tarime, nikamkuta Otieno na gari jipya na ukimya uleule. Mwaka wa mwisho, zikiwa zimebaki wiki sita, lililetwa mezani kwangu jalada la mwalimu wa darasa la pili. Jina lake Bhoke. Kosa lake lilikuwa kuwatoa watoto nje kucheza kila siku saa nne na nusu, kinyume cha mkakati wa shule wa kufuta mapumziko na kuongeza mazoezi ya mtihani. Alikuwa ameonywa mara mbili. Sasa alikuwa na barua ya kumtaka ajieleze ndani ya siku saba kwa nini asichukuliwe hatua, na hatua iliyopendekezwa ilikuwa uhamisho kwenda pembe ya mbali ya wilaya. Nilielezwa pembeni kwamba ana mama mgonjwa huko Kewanja anayemwogesha na kumlisha kila jioni. Akihamishwa, mama atabaki peke yake. Kazi yangu ilikuwa kuthibitisha kosa. Nilitazama jina la shule. Ilikuwa ile ya kilimani.

Siku hiyo gari lilikuwa gereji. Nilipanda bodaboda, na kwa kuwa bodaboda zimejaa njia zote za huko, hakuna aliyenigeukia. Nilifika saa nne na dakika arobaini. Madarasa yalikuwa yamejaa. Kupitia madirisha niliona walimu wakiandika ubaoni na watoto wakiwa wamelaza vichwa kwenye madawati, wengine wakiwa macho lakini hawapo. Jikoni, chini ya bati, mama mmoja mtu mzima alikuwa akikoroga uji. Nyuma ya jengo la mwisho darasa la pili zima lilikuwa linacheza kwa sauti ndogo, kama watoto waliozoea kuambiwa kuna mgonjwa ndani.

Mwalimu Bhoke aliponiona alinyooka. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza kama anajua nilichofuata.

"Najua, Mama," alisema. "Naomba wamalize zamu hii moja, halafu tuongee."

Nilisubiri wamalize. Baadaye alinipa daftari la kawaida la mistari. Kwa muhula mzima alikuwa ameandika kila siku kama walitoka au walizuiwa, na baada ya hapo ni akina nani walisoma sentensi ya ubaoni hadi mwisho na akina nani walisinzia. Nilianza kusoma kutoka mwisho, kama ilivyo desturi yangu. Nilikutana na siku walizotoka mvua ikawanyeshea, wakarudi na matope, somo likaharibika. Nilikutana na siku walizopigana kwa ajili ya kamba. Nikakutana na siku waliyozuiwa na bado wakasoma vizuri tu, ameiandika na hiyo. Hapo nikaanza kumwamini. Mtu anayetaka kukushawishi kwa hila haandiki siku zinazomwumbua. Nilimwambia pia kasoro yake: kwamba anayepima ni yuleyule anayetaka mapumziko yashinde. Alisema analijua hilo, ndiyo maana alimwomba mwalimu wa darasa la tatu aje ampimie, akakataa kwa kuogopa barua.

Mwalimu mkuu alikuwa mtu wa Mbeya, mpole, mwenye hofu ya kudumu. Ukutani kwake kulikuwa na karatasi iliyowekwa ndani ya plastiki: Utafiti umethibitisha kuwa mapumziko marefu hushusha taaluma, shule bora huwaweka wanafunzi darasani.

"Utafiti wa nani?" nilimuuliza.

"Wa wataalamu, Mama."

"Wa wapi?"

"Wa huko juu," alisema, akainua kalamu kuelekea darini, ambako kulikuwa na alama za popo.

Sikumcheka, maana alikuwa anasema alichoambiwa. Aliipata karatasi kwenye kikao cha walimu wakuu. Nilimtafuta aliyeigawa kwenye kikao, akasema aliitoa kwenye mkakati wa kuinua taaluma. Mwandishi wa mkakati alisema aliitoa kwenye mada ya semina, na mtoa mada akasema aliitoa kwenye tathmini ya zamani ya wilaya, iliyokuwa imenukuu taarifa fulani ya ukaguzi. Kila nilipopiga hatua moja nyuma, maneno yalikuwa yanapoa. Kwenye mkakati jambo lilikuwa limethibitishwa, kwenye semina lilikuwa limebainika, kwenye tathmini lilikuwa linaelekea hivyo. Utafiti ulikuwa wa shule nyingi, kisha zikawa chache, kisha zikawa mbili. Siku nne zilikwisha hivyo. Bhoke alikuwa amebakiwa na tatu.

Taarifa yenyewe ilikuwa stoo, kwenye jalada la kamba, panya wamekula kona. Niliitambua kabla sijaifungua, kwa mwandiko wa juu ya jalada, ulio wangu. Ndani kulikuwa na nakala yangu ya mkono, ile niliyompa Mzee Magesa aisome kabla taarifa haijatumwa. Pembeni mwa sentensi ya mapumziko kulikuwa na penseli nyekundu: Walijua unakuja? Rudi.

Ndipo nilipokumbuka. Ilikuwa Ijumaa, karani alikuwa ameshamaliza kuchapa na alikuwa na safari ya Musoma, na mimi nilikuwa nimechoka na barabara ile. Nilimwambia Mzee nitarekebisha kwenye taarifa ijayo. Alinitazama, akaweka penseli mfukoni. Nilikaa kwenye gunia la karatasi humo stoo na nikaona aibu ambayo sikuwahi kuiona kazini, hata siku ya viatu. Mwalimu kijana alikuwa anakaribia kutenganishwa na mama yake kwa sababu sikutaka kurudi barabarani siku ya Ijumaa.

Kesho yake nilirudi. Nilichelewa kwa zaidi ya miaka ishirini, lakini nilirudi. Nilikwenda Kemambo kumwona Mwalimu Marwa, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule ya kilimani enzi zile. Sasa ni mzee mwenye ng'ombe na redio. Nilimwamkia, akaitikia, akatazama nyuma yangu.

"Leo hujaja na gari," alisema.

Nilimwambia nimekuja na bodaboda, na kwamba nina swali la zamani. Siku zile nilizokuja, watoto walikuwa darasani saa ya mapumziko. Ilikuwaje?

Alizima redio kwanza. Alieleza kwa utulivu wa mtu anayeelekeza njia. Shule iko kilimani, na kutoka jikoni barabara inaonekana yote tangu darajani. Vumbi la gari la idara halifanani na la ng'ombe wala la lori. Mpishi wa uji, Nyangi, ambaye hadi leo yuko palepale, ndiye aliyekaa nje siku nzima, kwa hiyo ringi ya gari waliyoifanya kengele ilitundikwa pale jikoni kwake. Akiona vumbi anagonga, na hadi gari linamaliza kona ya mwisho, shule nzima imeshakaa na kufungua vitabu.

"Kwa hiyo mapumziko yalikuwepo," nilisema.

"Yalikuwepo, Mama Mkaguzi. Marefu. Ukishaondoka tulikuwa tunawarudishia watoto dakika zao."

Nilimuuliza kuhusu shule ya bondeni. Alitikisa kichwa kwa huruma ya kweli. "Wale hawaoni mtu mpaka amefika mlangoni. Tuliwahurumia sana."

Nataka mlielewe vizuri hili, maana kuna mwenzenu mmoja alipolisikia alitaka kuandika kwamba mapumziko ndiyo yaliyoipa shule ya kilimani matokeo mazuri. Sikumruhusu. Shule ile ilikuwa na nyumba za walimu, ilikuwa na maji, na ilikuwa na Marwa. Bondeni hakukuwa na hata kimoja. Maneno ya mzee hayakuthibitisha faida ya mapumziko. Yalithibitisha kwamba mimi sikuwa nimeona kitu, na kwamba tofauti niliyoipima kati ya shule mbili ilikuwa tofauti ya umbali ambao gari langu lilionekana. Kabla ya kuondoka nilimwomba aandike na atie sahihi. Aliandika kurasa mbili, akaongeza kwa hiari yake jina la daraja.

Siku ya sita kikao cha nidhamu kilikaa. Nilikuwa nimebakiza wiki tano za utumishi, na rafiki mmoja alinishauri niugue. Mwenyekiti wa kikao alisoma shauri la Mwalimu Bhoke, akasoma karatasi ya plastiki, akaniuliza kama nimethibitisha. Bhoke alikuwa ameketi karibu na mlango, barua yake ya kujieleza magotini, ukurasa mmoja, safi.

"Mwalimu alifanya alichoshtakiwa nacho," nilisema. "Ila utafiti anaodaiwa kuupuuza haupo. Kuna sentensi yangu mimi, niliyoiandika kwa uvivu. Na nilichokiona kule kilimani hakikuwa mapumziko yao ya kila siku. Nilikuwa naona watoto wanaokimbia gari langu."

Nikaweka mezani nakala yenye penseli nyekundu, maelezo ya Mwalimu Marwa, na daftari la Bhoke, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa mvua na matope.

Kisha mjumbe mmoja akapendekeza iandikwe kwamba taarifa ya awali ilikuwa na upungufu mdogo wa kitaalamu. Nilimshukuru, nikasema hapana, iandikwe kwamba aliyeandika hakuona. Walijadiliana kwa saa mbili na chai mbili. Mwishowe barua ya Bhoke ikafutwa, mkakati ukarudishwa kwa mapitio, na mapumziko yakarudi kwenye ratiba ya shule ile. Mjumbe mwingine alinifuata mlangoni, akaniomba maelezo yangu kwenye simu ili ayatume kwenye kundi kama utafiti mpya. Nilimwambia huo si utafiti, ni kukiri kosa. Akasema basi atatuma hivyohivyo, kichwa cha habari atakitafuta.

Bhoke alinikuta chini, karibu na gari. Hakunishukuru, na nilifurahi kwa hilo, maana sikustahili. Aliniomba daftari lake. Alisema Jumatatu ni siku ya kuandika.

Wiki iliyofuata nami nilipokea barua ya kunitaka nijieleze ndani ya siku saba. Nilijibu kwa sentensi tatu, nikaambatisha nakala ya stoo. Iko kwenye faili langu pamoja na yale ya vyeo na mishahara, mnaweza kuisoma.

Wiki yangu ya mwisho nilimwomba Otieno anipeleke kilimani, kwa gari. Aliuliza kama kuna ukaguzi. Nilisema hapana, kuna kurudi. Tulipofika darajani alipunguza mwendo, akatazama saa yake, saa nne na nusu, kisha akakanyaga mafuta kuliko kawaida. Vumbi likapanda nyuma yetu, jekundu, refu, la gari la idara, halifanani na la ng'ombe. Nikashusha kioo nisikilize ringi.

Haikulia. Tulimaliza kona ya kwanza, ya pili, ya mwisho, nikiwa nimeshika mlango kama mtu anayesubiri matokeo yake mwenyewe. Tulipoingia, kiwanja kilikuwa kimejaa shule nzima, kelele ya kutosha kufika bondeni. Yule mama aliyekuwa akikoroga uji, Nyangi, alikuwa amesimama jikoni kwake na upawa mkononi, ringi ikining'inia karibu na bega lake. Alilitazama gari, akanitazama mimi nikishuka, akageuka kukoroga sufuria. Bhoke alikuwa upande wa pili akiandika kitu. Machozi yalinitoka na sikuyaficha. Otieno alikwenda kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo.

Nilisogea karibu nione vizuri. Walikuwa wanacheza rede. Msichana mwenye mpira alisimama katikati ya kurusha, akanitazama miguuni.

"Shikamoo," alisema. "Mama, umekanyaga mstari."

Nikatoka. Akarusha. Nikafungua daftari, nikaandika kwa penseli nyekundu niliyoinunua njiani. Nani aliona: mimi. Alikuwa amesimama wapi: nje ya mstari, baada ya kuambiwa. Walijua anakuja: ndiyo, tangu darajani.